Nauli ya Mara Moja

Nilikuwa Darajani, fungu la changu mkono mmoja, simu nimeibana baina ya sikio na bega, na muuza samaki ananitazama kwa jicho la utalipa au hulipi. Aliyepiga ni mtoto wa ami yangu, yuko Wete. Hakurefusha salamu.

"Kaka, na mimi yamenianza yale yako."

Yale yangu ni mashambulio ya khofu ya ghafla, panic kwa Kiingereza. Samaki nikamrudishia mwenyewe, nikasogea pembeni. Kijana akanihadithia: alikuwa juu ya mkarafuu, hana homa wala njaa, moyo ukaanza kumwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, pumzi zikamkata. Ameshuka, lakini hajui ameshukaje. Tangu siku hiyo hapandi, na msimu ndio huu.

Halafu akaniuliza suali ambalo limenikaa kichwani wiki zote hizi.

"Nimeweka pesa kidogo ya karafuu. Inatosha boti ya kuja mjini na kurudi, mara moja tu. Wewe kilichokusaidia ni kipi? Dawa, yule mama mshauri, au kile kikundi chenu? Nitajie kimoja."

Kimoja!

Nikamwambia anipe muda. Nilidhani jibu ninalo, na kila nilipokaa kuliandika nikaona ninalo nusu.

Safu ya mwisho

Mimi yalinianzia msikitini, Ijumaa, rakaa ya pili. Nilikuwa safu ya mbele. Imamu amerefusha kisomo kidogo tu, na ghafla moyo ukaruka. Kifua kikabana, jasho jembamba likanitoka, sauti ya imamu ikawa inatoka mbali mno, nyuma ya ukuta. Mbele yangu kibla, kulia na kushoto mabega ya watu, nyuma safu zimejaa mpaka uani. Sikushuku kwamba nakufa. Nilikuwa na yakini.

Nikatoa salamu na wenzangu. Nilichosoma katika rakaa ile anakijua Mola.

Lile shambulio lenyewe sikulihesabu sana. Kilichokuja kuniharibia maisha ni Ijumaa iliyofuata, nilipojiambia nisali safu ya pili, kwa tahadhari. Kisha katikati. Miezi ilivyokwenda nikajikuta nasali karibu na viatu, mlango uko wazi mgongoni kwangu. Jirani akanitania kwamba naivizia biriani ya nyumbani isipoe. Nikacheka naye.

Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona. Kwenye daladala nikikosa siti ya mlangoni nasubiri gari nyingine. Mkutano wa walimu nakaa kiti cha mwisho. Chupa ya maji haitoki mkononi, hata nikienda duka la pili tu. Harusi naingia, natoa tunzo, natoka. Na boti ya Pemba nikaiacha kabisa, mama yangu akawa ananiona kwenye simu.

Hilo la boti lilinitia aibu kuliko yote. MV Spice Islander I ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit Julai 18, 2012, karibu na Chumbe. Kuna watu visiwani humu waliozika nusu ya nyumba, na wanapanda boti wiki hadi wiki kwa sababu biashara ziko ng'ambo. Mimi sikufiwa na mtu. Niliona khofu yangu haina hata haki ya kuwepo, na nilivyoiona haina haki ndivyo nilivyozidi kuificha.

Waya kifuani

Spitali niliyoanza nayo walinipima presha, sukari, damu, na kile kipimo cha moyo cha kubandikwa waya kifuani. Kila kitu salama. Daktari akakunja karatasi, akasema, "Huna kitu, mwalimu. Punguza mawazo."

Nilitoka pale nimeogopa zaidi. Mtu anayekufa na vipimo vimemkana, amebakiwa na nini?

Vipimo lakini vifanywe. Upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, sukari kushuka, mapigo ya moyo yasiyokwenda sawa: yote haya yanaweza kuleta hali inayofanana. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo au ukipanda kilima, yakasambaa mkononi au tayani, hayo yapeleke spitali saa hiyo hiyo. Usikae ukasoma mtu kama mimi.

Nyumbani nako maoni hayakukosekana. Mama mkubwa alisema jini wa baharini. Nikasomewa, nikanywa kombe, na nikiri kwamba usiku ule nililala vizuri kuliko usiku wowote wa mwezi ule. Sauti ya Qur-ani, mikono ya watu wanaokupenda juu ya kichwa chako, ubani, nani asingelala? Siku ya tatu nikarudi pale pale kwenye viatu. Sikumlaumu mama mkubwa, wala simlaumu leo. Madaktari wa akili wa Marekani wenyewe waliyapa maradhi haya jina na nafasi yake katika mwongozo wao mwaka 1980, yeye ameshazaa watoto wake wote.

Kiti cha kuzunguka

Nilikwenda kwa mshauri nasaha nikitegemea ataniuliza utoto wangu. Akaniuliza nakaa siti gani kwenye daladala.

Nikamwambia. Akauliza na msikitini je? Na benki? Na hiyo chupa, ina maji au ya kushika tu? Alikuwa anaandika huku ananichora mduara kwenye karatasi. Fikra ile, alinieleza, iliwekwa sawa mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Oxford, David Clark. Moyo unadunda kidogo, pengine kwa kahawa, pengine kwa joto. Unautafsiri kuwa ni kifo. Tafsiri hiyo inamwaga adrenalini, adrenalini inazidisha moyo, na moyo unathibitisha tafsiri. Unazunguka humo humo.

Nikamuuliza: na ganzi ya vidole? Hiyo sijaitafsiri, naihisi.

Akaniambia nipumue kwa kasi, kwa kinywa, mpaka aseme basi. Haikufika dakika mbili vidole vikaanza kuwasha, kichwa kikawa chepesi, na ukuta ukasogea nyuma. Yale yale ya msikitini, kiti hiki hiki, mchana kweupe, kwa kupumua tu. Ukipumua mbio unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na mwili ndio unaojibu hivyo. Miaka miwili nilikuwa nikigombania hewa, na hewa ilikuwa imezidi.

Sijui kwa wengine ilikuwaje. Kwangu mimi dakika zile ndizo zilizogeuza jambo.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa ya kichekesho ukiyatazama kwa mbali. Kuzungushwa kwenye kiti cha ofisini mpaka kizunguzungu kinishike, kisha kukaa nacho bila ya kushika meza. Kupanda ngazi za maghorofa ya Michenzani kwa kukimbia, mtu mzima na kanzu yake, mpaka moyo ugonge, kisha kusimama juu nikaungojea ushuke wenyewe. Unashuka. Shambulio hufika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi hazifiki kumi, na baada ya hapo mwili wenyewe unachoka kuogopa.

Na kahawa. Nilikuwa nimeiacha, maana inaamsha moyo. Nikaamrishwa niende Jaws Corner jioni, ninywe vikombe vyangu vya kahawa chungu katikati ya wale watu wanaogombea siasa, nisikae ukingoni mwa baraza, na nisiondoke moyo ukianza. Ukaanza. Mzee mmoja wakati huo anataka rai yangu juu ya uchaguzi. Nilimjibu nini sikumbuki, lakini alikubaliana nami, jambo ambalo pale ni nadra.

Chupa ndiyo iliyoniwia ngumu. "Kila ukirudi mzima na chupa mkononi," alinambia, "moyo wako unaishukuru chupa. Lini utakushukuru wewe?"

Siku niliyoiacha nyumbani nilitembea mpaka skuli nikijihisi sijavaa nguo.

Halafu likaja suali ambalo sikulitegemea, na ambalo nimelizungusha kuliko yote. Nilikuwa nimemwambia kwamba mambo yakinishika nasoma nyiradi, tena kwa kasi. Akanyamaza kidogo. Yeye mwenyewe ni mcha Mungu, buibui na msala ofisini. Akaniuliza, "Unasoma ili umkumbuke Mola wako, au unasoma ili moyo usimame?"

Nilikasirika. Nilikaribia kuacha kwenda. Nikampelekea shekhe wangu lile suali, nikitaraji atalitia makosa, na shekhe akasema mama yule ameuliza vizuri. Akanitajia Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa zamani aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kuwa nafsi ina maradhi yake na mwili una yake, na kwamba mtu ajiwekee fikra njema akiwa na utulivu azitumie khofu ikimpanda, mfano wa anayeweka dawa ndani kabla ya kuugua. Nyiradi sijaziacha. Nazisoma asubuhi na jioni, taratibu, kwa wakati wake. Moyo ukianza mbio nauacha ukimbie.

Vidonge

Hapa nitasema upesi, kwa sababu dawa ni jambo la wewe na daktari wako.

Mimi nilipewa fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku. Wiki mbili za mwanzo ni mbaya, na nilikuwa nimeambiwa ni mbaya: tumbo, usingizi wa paka, na wahka wenyewe ukapanda kabla ya kushuka. Nisingeambiwa, ningevitupa. Nafuu ilianza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na haikuja na shangwe. Mke wangu ndiye aliyeigundua, aliponiambia kwamba tumekwenda Mwanakwerekwe na kurudi, sijauliza mlango wa gari uko wapi.

Diazepamu ni hadithi nyingine. Kabla ya hiyo fluoksetini kuna mtu aliniandikia, na haikawii, nusu saa umetulia. Ndiyo hatari yake. Mwili unaizoea, unataka zaidi, na kuiacha ghafla ni balaa. Lakini kuna ubaya mwingine ambao hauandikwi kwenye karatasi ya dawa: nilikuwa nikikiweka kidonge mfukoni bila ya kukimeza, miezi, nikipapasa tu kama kipo. Ile ile chupa ya maji, imekuwa ndogo.

Ramadhani nilisema na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kidonge cha mara moja kwa siku kinahamishika, kikaenda kwenye daku. Najua watu wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kudhani hakuna njia, wanarudi Shawwal wamekuwa hoi, kisha wanasema dawa haifai. Kuacha kuna utaratibu wake, kunapunguzwa kidogo kidogo, na anayepunguza si wewe peke yako.

Nilijiuliza sana kama vidonge vilinifanyia mimi kazi yangu. Siamini. Bila ya vidonge lakini nisingeweza kukaa kwenye kile kiti kinazunguka nikakubali kizunguzungu kinikae. Vilinishusha mpaka mahali ambapo naweza kujifunza. Kujifunza kwenyewe havikunifanyia.

Nimemjibu

Nilimpigia kijana usiku, nikamwambia hivi. Kipimo cha moyo na damu asivitolee nauli, aanze spitali ya huko huko Pemba. Asipande mkarafuu mpaka ameonwa, maana mimi nikiishiwa nguvu nakaa chini msikitini, yeye anaanguka. Nauli ya boti, kama ni moja na kama mimi ndiye niliyeulizwa, iende kwa mtu wa kumfundisha yale mazoezi, kwa kuwa hayo ukishayajua unarudi nayo Wete. Kama hali imemzidi hata hawezi kula wala kulala, basi daktari kwanza, na mazoezi yatangoja.

Kikundi hakihitaji nauli, nikamwambia. Kina simu.

Akanyamaza. Kisha akauliza jambo ambalo ndilo lililokuwa limemkaa tangu mwanzo, nauli ilikuwa ya kunizungusha tu.

"Nikionekana kwenye foleni ya spitali ya akili, kaka, nitaoa kwa nani?"

Tulipolala nje

Mwaka 1995 nilikuwa mtoto, Wete, na Popobawa, yule jini wa kuvamia watu usiku, ameingia Pemba. Nisiweke maelezo, mwenye umri wangu anajua na asiyejua atamuuliza bibi yake. Ninachokumbuka mimi ni kulala nje. Mikeka uani, moto umewashwa, majirani wote, hata wasiosemezana. Wazee wanasoma, watoto tunalala katikati. Watu wazima walikuwa wanatetemeka na hakuna aliyemcheka mwenziwe. Nikikumbuka usiku uliokuwa salama utotoni mwangu, nakumbuka ule.

Ndiyo maana nilipoingia kile kikundi, wanaume wachache upenuni Jumamosi baada ya Alasiri, baharia, dereva wa daladala, karani, mzee mstaafu, nilihisi nimeshapafika mahali pale zamani. Wanawake wana kikao chao. Siku ya kwanza dereva alieleza jinsi anavyosimamisha gari kituo kisichokuwa chake kwa sababu pumzi zimemkata, abiria wanamtukana. Miaka nilidhani niko peke yangu, kumbe pengine mmoja wa waliomtukana ni mimi.

Mzee mstaafu alifiwa kwenye Spice Islander. Siku niliyomweleza, kwa aibu, kwamba mimi sikufiwa na mtu na boti siwezi, hakunipa mawaidha. Aliniuliza nataka kukaa upande gani. Tukaenda Pemba pamoja. Kwenye mkondo wa Nungwi yakanishika, boti inapanda na kushuka, akina mama wanatapika, na yeye akanitazama mara moja, akaendelea kumenya chungwa lake. Hakusema "hufi". Nilimchukia mpaka tulipofika Mkoani.

Lakini 1995 ina upande mwingine, na huo ndio unaonizuia kukisifu kikundi kwa mdomo mpana. Khofu ile ilitembea. Ilitoka kijiji hadi kijiji, ikavuka bahari ikaingia Unguja, na ilitembea kwa hadithi, yaani kwa sisi wenyewe tuliokaa tukahadithiana. Huku mjini watu walimuua mtu wakimdhania ndiye, na alikuwa ni mtu mwenye maradhi ya akili. Kijana wangu anayeogopa foleni, na watoto wa skuli wanaotishana kupelekana Kidongo Chekundu, kwenye spitali ya akili, hawakuitoa khofu yao hewani.

Na upenuni kwetu nimeyaona kwa udogo wake. Karani alipoeleza kwamba yeye humkaba koo, wiki ile ile koo langu likaanza kukaba. Halikuwahi.

Kubwa zaidi ni simu. Tulikubaliana tangu mwanzo: ikikushika usiku, mpigie mwenzio. Nilimpigia baharia, akanambia hufi, nikatulia, nikalala. Nikampigia tena. Mshauri aliposikia akatabasamu, na nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua kinywa. Nimeacha chupa, nimeacha kidonge cha mfukoni, nimemshika baharia.

Nikalipeleka upenuni. Nikapendekeza kwamba anayepigiwa simu asimhakikishie mwenziwe chochote. Asiseme hufi, asiseme ni khofu tu. Abaki kwenye simu, kimya hata, mpaka ipite. Isipokuwa mtu akisema anataka kujidhuru: hapo hakuna kimya, anaendewa nyumbani na anapelekwa spitali usiku huo.

Dereva ameunga mkono. Karani anafikiri. Baharia amepinga, tena kwa ukali. Anasema mtu akikupigia saa nane za usiku anakwambia nakufa, na wewe unajua hafi, kumnyima neno moja ni ukatili, na kwamba mambo ya viti vya kuzunguka ni ya ofisini, ana mshauri mbele yake na mchana umetanda. Usiku ni kitu kingine. Hata mzee, niliyedhani yuko upande wangu kwa lile chungwa, akasema alinyamaza siku ile kwa sababu alikuwa na kichefuchefu.

Hatujakubaliana. Kijana wa Wete nimeshampa namba ya baharia pamoja na yangu, na Jumamosi hii tunalizungumza tena.